Mavuno ya Mwezi wa Kumi

Mama yangu alikuwa na sharti moja tu. Mtoto, alisema, haachiwi mtu ambaye hajala kwako. Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anapepeta mbaazi za mwisho mwisho, macho kwenye ungo, na akalisema jinsi mtu anavyokukumbusha kufunga banda la kuku. Mtoto mwenyewe alikuwa binti yangu, wakati huo ana miaka minne. Na mtu ambaye hakuwa amekula alikuwa mwalimu mkuu wangu, mama wa Kiingereza, mrefu, mwenye kofia pana ya majani, ambaye alikuwa amekubali kumpokea binti yangu shuleni kwake bila karo kuanzia Januari.

Nieleze hiyo shule kwanza, ingawa hata mimi niliyefanya kazi pale sikuielewa vizuri. Ilikuwa ndani ya kambi ya wahandisi, ng'ambo ya mto, upande wa Kitui, ambako bwawa lilikuwa linajengwa. Wahandisi walikuja na familia zao kutoka nchi ambazo nyingine nilizijua kwa bendera tu. Baada ya miaka michache wangehamishiwa bwawa lingine, bara lingine, kwa hiyo watoto wao walisomeshwa mtaala wa Uingereza, ambao nafikiri unafanana kila mahali jinsi soda inavyofanana. Madarasa yalikuwa ya mabati meupe yenye viyoyozi, na nyasi zilimwagiliwa kila asubuhi. Mimi niliajiriwa kufundisha Kiswahili na kusaidia darasa la wadogo. Nilikuwa nimetokea shule ya msingi huko Tawa, ambako watoto walibanana kwenye dawati mpaka yule wa pembeni anakalia paja moja. Huku kila mtoto alikuwa na kiti chake, na mwalimu ndiye aliyekaa sakafuni.

Yaliyonichanganya ni mengi. Wiki ya kwanza nilikuja na njugu za kukaanga kwenye mkoba, nikamkaribisha mwalimu mwenzangu, na yeye akaruka kana kwamba nimemtolea nyoka. Njugu zilikuwa marufuku shule nzima, kwa sababu kulikuwa na mtoto mmoja ambaye zingeweza kumuua. Nilikwenda kunawa mikono na sabuni huku najiuliza ni mtoto gani anauawa na njugu. Kwenye ripoti sikuruhusiwa kuandika kwamba mtoto ni mvivu. Nilitakiwa kuandika kwamba bado anatafuta kinachomvutia. Halafu ukafika mwezi wa kumi, na wadogo wangu wakakata majani ya karatasi, mekundu na ya rangi ya machungwa, wakayabandika kwenye mti uliochorwa ukutani, kwa kuwa huko kwao ndio msimu wa majani kuanguka. Mtoto mmoja akachungulia dirishani, kwenye vichaka vyetu vilivyobaki vijiti na miiba, akaniuliza kwa nini majani ya huku yameanguka kabla ya kuwa mekundu. Nikamwambia nitamuuliza mwalimu mkuu. Mpaka leo sijamuuliza.

Nafasi ya bure ilikuwa haki ya kila mwalimu mwenye mtoto. Binti yangu alikuwa analelewa na mama, kati ya Kalamba na Matiliku, tangu baba yake alipoona kwamba maisha yake yako kwingine. Walilala kitanda kimoja. Walikula sahani moja. Mtoto alimwita bibi yake Susu, na mimi akaniita kwa jina langu kama jirani, kwa sababu ndivyo Susu alivyoniita. Kama angeingia shule ile, angehamia kwangu kambini, na mama angebaki na kuku wake.

Ukiniuliza kama nilitaka aende, ningekujibu kulingana na saa. Asubuhi, nikiwaona wale watoto wadogo wakisoma vitabu vyao kwa sauti bila kumwogopa mtu, nilitaka aende siku hiyo hiyo. Jioni nilimkumbuka mama akiwasha moto bila mtu wa kumuuliza kwa nini moshi unamfuata, nikasema hapana, abaki. Kesho yake naanza tena. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na ninapenda jambo likatwe, lakini hilo halikukatika. Kwa hiyo nilifurahi kimoyomoyo mama alipoweka sharti. Angalau sasa kulikuwa na kitu cha kufanya.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika kwetu mara moja, mwezi wa tisa, kumwona mtoto. Mama alichinja jogoo. Aliamka mapema, akafagia uwanja, akaazima viti vya kanisa. Mgeni alikuja na chupa yake ya maji, akacheka na mtoto, akasifu kila kitu, na sahani ilipowekwa mbele yake akashika tumbo na kusema kwa Kiswahili alichojifunza kwangu, "Asante sana, nimeshiba." Yeye na dereva wake walikuwa wamekula njiani, ndani ya gari. Daktari wa kambi alikuwa amewaonya wasile nje. Na kwao, kama alivyokuja kunieleza baadaye, mgeni mwenye adabu hukataa kwanza ili asimchoshe mwenyeji, kisha mwenyeji akisisitiza ndipo anakula kidogo. Lakini mama yangu hasisitizi mtu. Kwake, kumsukuma mtu ale ni kumwambia ana njaa. Yeye huweka chakula na kusogea pembeni asimwangalie mgeni mdomoni. Basi mmoja alingoja kusisitizwa, mwingine akasogea pembeni, na jogoo akaliwa na majirani.

Mimi nilikaa katikati yao, nazijua lugha zote mbili, na sikusema neno. Sikujua ni nani wa kuambiwa.

Mwezi wa kumi ndipo mwalimu mkuu aliponiita ofisini kwake kwa ajili ya mavuno. Shule zote za kwao, aliniambia, huwa na ibada ya mavuno wakati huo. Watoto huleta vyakula, wanaimba, kisha vyakula vinapelekwa kwa wenye uhitaji wa eneo lile. Tulizungumza Kiingereza, kama siku zote.

"Lakini mwezi wa kumi hatuna mavuno," nilimwambia. "Huu ndio mwezi wa kiangazi. Watu wanapanda mchangani, kwenye udongo mkavu, wakingoja mvua."

"Ndiyo maana wanaleta vya mkebe," akasema kwa furaha. "Mkebe hauna msimu."

Akaniuliza kanisa la kupeleka. Nikamtajia la mama, karibu na Matiliku, na sikulitaja hivi hivi. Akina mama wa kanisa lile hawaachi mgeni aondoke bila kula. Wanapika tangu Jumamosi. Nilijiambia kwamba pale hatakuwa na njia ya kutoroka, atakula, mama ataona, na mimi nitalala usingizi. Nikampigia pasta simu.

"Mavuno gani sasa, mwalimu?" akauliza. "Si tulifanya ya mwezi wa tatu?"

"Hii ni ya wageni, pasta. Ni ya mikebe."

"Mikebe ya nini?"

"Ya chakula."

"Haya basi. Mavuno ni mavuno. Waje."

Jumapili ya ibada watoto wa shule walisimama mbele wamevaa kofia zao, wakaimba juu ya ngano na matone ya mvua, na kanisa zima likawapigia makofi. Mikebe ilipangwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi kiti cha mbele, mimi nikiwa kando yake kumtafsiria, na mama yangu safu ya tatu na binti yangu magotini. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka mzee wa kanisa, aliyevaa koti lake la suti katika joto lile, alipochukua kipaza sauti na kuinua mkebe wa kwanza juu ya kichwa chake.

Hapo nikakumbuka. Yaani nilijua tangu utoto na sikuwa nimefikiri: kwetu mavuno hayagawiwi, hupigwa mnada. Mtu analeta boga, kuku, debe la mahindi, na waumini wanashindana kuvinunua, na fedha zinakwenda kwa kazi ya Bwana. Hujawahi kusikia mtu amechukua boga la madhabahuni akaenda kulipika bure.

"Hii ni maharagwe," mzee alitangaza, akausogeza mkebe sikioni na kuutikisa. "Na imepikwa tayari. Sasa ni nani hapa amewahi kununua maharagwe imepikwa? Hapana kukuwa na haraka. Nani anaanza?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyetaja bei. Ulikuwa mwezi wa kumi, mifuko imelegea, na hakuna aliyekijua kitu kile.

"Nini kinaendelea?" mwalimu mkuu aliniuliza kwa mnong'ono.

"Wanauza."

"Wanamuuzia nani?"

"Wanauziana wenyewe."

Aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyeshuka ngazi na kukosa kidato. Nilitaka kumweleza, lakini maelezo yalitaka yaanze mbali, labda kwa babu yangu, na mzee alikuwa bado ameinua mkono.

Kwetu, kitu kikikosa mnunuzi kinabaki mezani, na aliyekileta anakwenda nyumbani ameinamisha kichwa. Aliyeuleta mkebe ule alikuwa msichana mdogo wa darasa langu, na alikuwa amesimama pale pale kando ya meza, mikono nyuma, akitabasamu na kungoja. Mzee akajikohoza. Ndipo nikaona mkono wa mama yangu umeinuka.

Alimpa jirani mtoto ampakate, akaja mbele akifungua fundo kwenye ncha ya leso. Lile fundo nililijua. Lilikuwa la fedha ya kununulia mbegu. Alilipa, akapokea mkebe kwa mikono miwili, na badala ya kurudi kwenye kiti chake akaja mpaka kwa mwalimu mkuu, akauweka mapajani mwake, akainamisha kichwa na kurudi. Hilo nalo ni desturi. Mtu hununua kitu akampa mgeni. Kanisa likalipuka kwa makofi na vigelegele, na kuanzia hapo mnada ukashika moto. Supu ya nyanya, samaki, mananasi, vyote vikanunuliwa na watu ambao nilijua hawana, na vyote vikaletwa kwa wageni. Mwalimu mkuu alikaa pale mikebe imemjaa mapajani na miguuni, uso umekuwa mwekundu.

"Wanaturudishia," aliniambia.

"Hapana," nikasema. Kisha nikasema, "Ndiyo. Lakini siyo hivyo."

"Tumewakosea nini?"

Kabla sijaanza kumjibu, ibada ikaisha, na dereva akamwambia kwamba watoto wawili wanasikia kizunguzungu kwa joto. Wakapakia watoto na mikebe na kuondoka. Akina mama walikuwa wametoka jikoni na masufuria yao, wakayashika tu mikononi wakitazama vumbi la gari. Chakula kikaliwa na sisi.

Siku chache baadaye mwalimu mkuu alinisimamisha kwenye varanda, akiwa na nafuu usoni. Alikuwa amepeleka mikebe yote kwenye nyumba ya watoto yatima Kitui mjini. "Angalau imefika ilikokusudiwa," alisema. Nikamwambia vizuri. Ilikuwa vizuri kweli. Watoto yatima wanakula. Lakini nilihisi kama mtu aliyesahau kitu jikoni na hakumbuki ni nini.

Nilikikumbuka Jumamosi, nilipofika nyumbani. Mama hakuniuliza habari za safari.

"Alikula?" akauliza.

"Nani? Kula nini?"

"Mwalimu wako. Maharagwe." Alikuwa anachambua mbegu kwenye ungo, na niliona zilivyokuwa chache. "Niliona anaogopa chakula cha watu. Simlaumu, tumbo la mtu ni lake. Nikasema, basi atakula chake mwenyewe. Ila hicho si changu, siwezi kumkaribisha nacho. Nikakinunua kikawa changu, nikampa. Sasa nauliza, alikula?"

Nikakaa chini. Mwaka mzima nilikuwa nimejiona mimi ndiye daraja kati ya watu wawili wasioelewana, na kumbe mmoja wao alikuwa ameshavuka peke yake, kwa fedha ya mbegu, bila kuniuliza. Nilimwambia ukweli, kwamba mikebe ilipelekwa Kitui kwa yatima.

"Maharagwe yangu yako Kitui," mama alisema, kama anayejaribu kulielewa neno.

"Watoto ndio wanaokula, mwaitu. Wasio na wazazi."

"Hao nitawapa siku nyingine. Yale yalikuwa yake."

Akarudi kwenye mbegu zake. Binti yangu alikuwa amelala kwenye mkeka kando yake, ameshika ncha ya leso ile ile.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha hodi sawasawa. Nilikuwa na hasira, na mbaya zaidi sikujua ni hasira za nani. Nikamweleza yote: mnada, leso, jogoo wa mwezi wa tisa, sharti la mama. Nilichanganya mpangilio, ikabidi nirudi nyuma mara kwa mara. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Alilipa kwa fedha ya mbegu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nimrudishie."

"Ukimrudishia umemfukuza."

"Ninunue mkebe kama ule ule, nile mbele yake."

"Huo utakuwa wako."

Akaweka kalamu chini. "Basi niambie nifanye nini. Kwa sababu mimi kwa kweli sielewi."

"Hata mimi sielewi," nilimwambia, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyowahi kusema katika ofisi ile. "Njoo tu. Ule."

Alikuja Jumamosi iliyofuata, hatukumtaarifu mama. Hakuwa na chupa ya maji. Tulimkuta mama shambani nyuma ya nyumba, anapanda mchangani, mashimo yake yakiwa mbali mbali kuliko miaka yote. Binti yangu alikuwa anamfuata na kusukumia udongo kwa kisigino. Mama alinyooka, akamwangalia mgeni, akaniangalia mimi, akafuta mikono.

Hakukuwa na jogoo. Kulikuwa na muthokoi wa jana, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, umepoa na kushikana sufuriani. Mama hakuomba radhi na hakupasha moto. Alipakua kwenye bakuli la bati, akaliweka juu ya kigoda mbele ya mgeni, akaleta maji ya kunawa, kisha akasogea pembeni kama kawaida yake.

"Lete kijiko," akaniambia kwa Kikamba. "Kiko chumbani, kwa dirisha."

Niliingia. Kijiko kilikuwa pale dirishani. Na chini ya kitanda, mahali ambapo nguo za mtoto hazikuwahi kukaa, niliona begi. Nikalivuta. Ndani kulikuwa na nguo za binti yangu zote zile nzuri, zimekunjwa kwa mikono ya mama, soksi zimeingizwa ndani ya viatu, na juu yake blanketi lake. Kwenye kifuniko cha begi vumbi lilikuwa limetulia, vumbi la wiki nyingi. Begi lile lilikuwa limefungwa tangu mwezi wa tisa, labda tangu usiku wa siku ile ya jogoo. Mama alikuwa tayari siku zote. Aliyekuwa hayuko tayari ni mimi, na nilikuwa nimejificha nyuma ya sharti lake kama mtoto nyuma ya leso.

Nikapiga magoti pale sakafuni na kijiko mkononi, na nikamwomba Mungu, kwa maneno kabisa, kwamba yule mama wa Kiingereza ashike tumbo lake aseme asante sana, nimeshiba.

Nilipotoka nje hakuwa amengoja kijiko. Kofia ilikuwa chini. Alikuwa anakula kwa mkono, vibaya, punje zikimwangukia kwenye sketi, na binti yangu alikuwa ameketi karibu naye na kutia mkono wake kwenye bakuli lile lile.

"Si hivyo," mtoto alikuwa anamwambia. "Kunja vidole. Hivi."

Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anaita kuku waliokuwa miguuni pake tayari. Nilisimama pale mlangoni na kijiko changu, na kitu pekee nilichotaka kumwambia mgeni ni kwamba aache.